Ulisoma wapi, kwa nani? Uzi wa hasira kwa mnaotufundisha dini mtandaoni

Assalaamu alaykum ndugu zangu, na msio Waislamu habari zenu. Leo sikuja kuuliza swali. Nimekuja kulalamika, na anayetaka kunitukana asome kwanza mpaka mwisho.

Nilisilimu mwaka juzi. Aliyenitamkisha shahada alisafiri wiki mbili baadaye, nikabaki na simu. Simu ikawa madrasa, ikawa ustadhi, ikawa na muadhini. Na hiyo simu imenipoteza vya kutosha.

Nianze na lililonitia aibu kuliko yote. Baada ya Fatiha nilihifadhi Suratul Ikhlas, aya 4 tu, nikaona hii naiweza. Herufi za Kiarabu zilikuwa bado zinanichanganya, kwa hiyo nikachukua ukurasa mmoja ulioiandika kwa herufi za kawaida: "Kul huwa Llahu ahad." Kwa k. Nikakariri, nikawa naswali nayo miezi minane. Siku moja nilikuwa msikitini naswali sunna, sauti imenitoka kidogo, na pembeni yangu amekaa mzee mmoja. Alinisubiri nikatoa salamu, akanisogelea na kuniuliza taratibu, "Mwanangu, hiyo uliisoma wapi?" Nikamwambia mtandaoni. Akafungua kinywa chake, akanionyesha kwa kidole: herufi qaf inatoka ndani huku, shina la ulimi linapanda juu. Kaf iko mbele kidogo. Ya kwanza ukisema "qul" umesema "sema". Ya pili ukisema "kul" umesema "kula".

Miezi minane nasimama kwenye mswala namwambia nisiyemwona "kula".

Mzee hakucheka. Nilicheka mimi, nikafika nyumbani nikalia. Na yule aliyeweka ukurasa ule hakuandika hata mstari mmoja wa kuonya kwamba herufi hizi hazitoshi, kwamba hiyo "h" moja inabeba herufi mbili tofauti, ile ya Alhamdu na ile ya huwa, na "s" nayo vilevile ina sin na sad. Mtasema ningetazama video. Nilitazama, tena nyingi. Video unaisikia wewe, yenyewe haikusikii. Ustadhi wa kwenye video anasema "vizuri sana, endelea" hata ukiwa umelala.

Sasa tuje kwenye lile linaloniwasha kabisa.

Siku moja naswali Adhuhuri peke yangu, rakaa ya pili ikaisha nikainuka moja kwa moja bila kukaa tahiyatu. Nimeshasimama wima ndipo nikakumbuka. Nilikuwa nimewahi kusikia kwamba kuna sijda ya kusahau, ya kurekebisha kosa kama hilo, ila inaletwa lini sijui. Nikamaliza hivyo hivyo, nikaketi palepale nikafungua simu. Jibu la kwanza: ni kabla ya salamu, na anayeileta baadaye hajui dini. Jibu la pili: ni baada ya salamu, hayo mengine ni uzushi. La tatu lilikuwa la kijana anayezungumza kwa ukali kama nimemwibia, anasema swala nzima imebatilika. Niliirudia Adhuhuri mara mbili, na Alasiri ilipoingia nikaogopa hata kuianza.

Ilinichukua wiki kadhaa kuja kujua mambo yalivyo. Inategemea madhehebu ya fiqhi. Kwa Mashafii sijda ni kabla ya salamu. Kwa Mahanafi ni baada. Kwa Mamaliki, ukipunguza kitu unaileta kabla, ukizidisha unaileta baada. Na wote hao hawakuota. Kuna hadithi ya sahaba Abdullah bin Buhayna, kwamba Mtume (s.a.w.) aliinuka baada ya rakaa mbili bila kukaa, kisha mwisho wa swala akaleta sijda mbili kabla ya kutoa salamu. Yaani kisa changu mimi hasa! Na kuna ile ya sahaba Dhul Yadayn, Mtume alitoa salamu kabla swala haijatimia, akakumbushwa naye, akakamilisha, akatoa salamu ndipo akasujudu. Zote mbili zimo kwenye vitabu vya hadithi vya Bukhari na Muslim. Kwa hiyo yule wa kwanza alikuwa na nusu ya habari, wa pili nusu nyingine, na kila mmoja akanipa nusu yake kama ndiyo Uislamu wote. Mngepungukiwa nini kuandika maneno matatu, "kwa madhehebu fulani"? Maneno matatu tu yangeniokoa.

Sisemi kila mtu awe na madhehebu moja. Nasema mtu ajue anacholishwa kimetoka chungu gani.

Hadithi ndiyo balaa jingine. Picha ya machweo, maandishi ya dhahabu, chini yake "Mtume amesema". Basi. Hakuna mpokezi, hakuna kitabu. Ile ya "tafuteni elimu hata kama ni China" nimetumiwa sijui mara ngapi, na mwanachuoni Ibn al-Jawzi, aliyefariki mwaka 1201, alishaiweka kwenye kitabu chake cha hadithi za kutungwa. Miaka zaidi ya 800! Wakati huohuo ile ya "kutafuta elimu ni faradhi kwa kila Mwislamu" ipo kwenye kitabu cha hadithi cha Ibn Majah na wanavyuoni wengi wameikubali, lakini haina China ndani yake, haivutii, haisambazwi.

Na wasia wa Sheikh Ahmad, mlinzi wa kaburi la Mtume Madina, mnaujua? Eti amemwota Mtume, na ukiusambaza utapata riziki, usipousambaza utapatwa na msiba. Hiyo barua inazunguka dunia kwa zaidi ya miaka 100. Watu waliinakili kwa mkono, wakaitoa fotokopi, sasa wanaibonyeza. Sheikh Ibn Baz, aliyekuwa Mufti wa Saudi Arabia, aliandika kijitabu akiikanusha, naye amefariki tangu 1999. Mwezi uliopita nimeletewa na mtu mwenye shahada ya uzamili. Nilipomuuliza sanad, yaani mlolongo wa wapokezi, iko wapi akaniambia "wewe mgeni kwenye dini, punguza ujuaji".

Mgeni! Mwanachuoni wa kale Abdullah bin al-Mubarak alisema isnadi, ndiyo hiyo sanad, ni katika dini, na lau si isnadi basi angesema atakaye alitakalo. Maneno hayo yako kwenye utangulizi wa Sahih Muslim, kabla kitabu chenyewe hakijaanza. Mimi mgeni nimeyaona, ninyi wenyeji mlipita mlango gani?

Nikaona nikimbilie hizi programu za akili mnemba, labda mashine haina kiburi. Nikauliza fadhila za sura fulani. Ikanipa hadithi tamu kweli, na mwisho ikaandika Bukhari namba 9214. Nikafungua Sahih Bukhari. Kwa hesabu inayotumika sana hadithi ya mwisho ni namba 7563, ile ya maneno mawili mepesi ulimini, mazito mizanini. Hiyo 9214 iko kwenye Bukhari ya nani? Nilipoiambia ikaomba radhi kwa adabu, ikanipa namba nyingine, nayo ilikuwa inahusu biashara. Angalau imeomba radhi, kuliko yule wa uzamili.

Tafsiri nazo. Nina programu ya Qur'ani ya Kiswahili isiyotaja popote mfasiri ni nani. Mtaniambia tafsiri ni tafsiri. Si kweli. Ya Godfrey Dale ya 1923 ni kazi ya padri mmisionari. Ya 1953 ya Mubarak Ahmad ni ya Jumuiya ya Ahmadiyya. Kuna ya Sheikh Abdullah Saleh Farsy ya 1969, kisha ya Ali Muhsin Barwani ya miaka ya tisini. Fika Aal Imran aya ya 55, panapozungumzwa habari ya Isa, ulinganishe neno moja tu, mutawaffika, ambalo wengine hulifasiri kufishwa na wengine kuchukuliwa, ndipo utajua kwa nini jina la mfasiri si pambo la jalada. Mtu asome ipi aitakayo, lakini aambiwe ni ipi.

Hiyo programu ni ya bure, kwa hiyo ina matangazo. Sawa, watu wanakula. Lakini nilikuwa nasoma Al-Maida aya ya 90, ile ya ulevi na kamari, nikashusha ukurasa, katikati ya aya na tafsiri yake pakaruka tangazo la kubashiri mechi. Na bonasi ya kujiunga. Nilipiga picha nikawatumia wenye programu. Wamejibu kwamba nikilipia sitayaona tena.

Kikokotoo cha zaka sitakizungumza sana. Kimoja kimeniambia sijafikia nisabu, yaani kiwango cha mali kinachowajibisha zaka, kingine kimenidai. Baadaye nikagundua kimoja kinapima kwa dhahabu, gramu 85, kingine kwa madini ya fedha, gramu 595, na kati ya thamani hizo mbili pana umbali wa kutembea siku nzima. Hakuna kilichosema kinapima kwa nini.

Ila lililonifanya niandike uzi huu leo si langu. Kuna dada amesilimu juzijuzi, akauliza mahali kuhusu hedhi na swala, swali la heshima kabisa. Amejibiwa na wanaume kumi na wawili. Nimewahesabu. Wa kwanza alimkemea kwa nini anauliza hadharani, wa pili akamuuliza kama ameolewa, na mwenye picha ya simba akamwandikia "haramu" bila kusema nini ndicho haramu. Hakuna hata mmoja aliyemwambia mwenye hedhi haswali na wala halipi zile swala, analipa saumu tu, kama alivyoeleza Bibi Aisha. Sentensi moja! Dada kafuta swali lake. Sijui kama atauliza tena.

Najua mtakachoniambia: "Nenda kwa masheikh." Naenda. Yule mzee sasa ananisomesha kila Jumamosi, tumefika Juzuu Amma, sehemu ya mwisho ya Qur'ani, na bado ananirudisha kwenye qaf. Lakini wako wasio na mzee, wana simu tu, na ninyi mnawaandikia mkijua hilo. Basi andikeni mlisoma wapi, kwa nani, kwa madhehebu gani. Kama hamkusoma popote, andikeni hilo pia, tutawasoma tukijua.

Nakomea hapa, simu yangu inaadhini Isha kwa pembe ya jua nyuzi 15 chini ya upeo wa macho. Kishikwambi, kilichowekewa nyuzi 17, kimenyamaza, kinaniambia bado.