Tupeane uzoefu: ulipokwenda kuomba uzazi wa mpango kwa mara ya kwanza ukiwa kijana, ulipokelewaje?

Habari zenu, ndugu zangu. Nawaomba hasa tulioanza kutumia uzazi wa mpango kabla ya ndoa tueleze mapokezi ya siku ile ya kwanza, kwa kuwa naamini ndiyo yaliyoamua kama tungerudi kituoni au tungeishia duka la dawa.

Naanza mimi. Nilikuwa na miaka 19, mwaka wa kwanza chuoni, nikaenda zahanati na karatasi ndogo yenye maswali matatu. Muuguzi akaniuliza kwa sauti, mbele ya akina mama waliopakata watoto kwenye benchi, "Umeolewa?" Nikaikunja ile karatasi kiganjani, nikasema nimekuja kupima malaria, nikatobolewa kidole, nikaondoka. Mwaka mzima uliofuata nilitegemea P2, vidonge vya kuzuia mimba baada ya tendo, wakati mwingine mara tatu kwa mwezi, na muuzaji alinifungia kwenye gazeti bila neno. Sikuambiwa kwamba P2 ni ya dharura, kwamba humezwa mapema iwezekanavyo ndani ya saa 72, kwamba huchelewesha yai kutoka na kwa hiyo haisaidii yai likiwa limekwisha kutoka, wala kwamba haikingi virusi vya UKIMWI. Hedhi ilivurugika, nikawa mtu wa kuhesabu siku kwa hofu.

Muuguzi, kituo cha afya, Morogoro
Pole sana, mdogo wangu. Wengine wetu tumewakosea vijana, na inaniuma, kwa sababu utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba wasichana 22 katika kila 100 wenye umri wa miaka 15 hadi 19 wamewahi kushika mimba. Katika chumba chetu cha huduma rafiki kwa vijana nafunga mlango kwanza, kisha naweka mezani vidonge, kitanzi kinachowekwa kwenye mfuko wa uzazi, kondomu na kijiti kinachowekwa chini ya ngozi ya mkono, mteja avishike mwenyewe. Wengi hushangaa kuona kijiti kinalingana na njiti ya kiberiti. Swali lao kubwa ni ugumba. Nawajibu kwamba kijiti au kitanzi kikitolewa, uwezo wa kushika mimba hurudi mapema, lakini sindano ya miezi 3 huweza kuuchelewesha kwa miezi kadhaa. Hilo silifichi, maana atalisikia saluni likiwa limetiwa chumvi. Katika vituo vya serikali huduma hii ni bure.

Kijana wa kiume, Mbeya
Shikamoo dada muuguzi. Mimi nilimsindikiza mwenzangu, na muuguzi alimuuliza yeye kwanza kama anaridhia niingie, ndipo akanivutia kiti. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba hata akiwa na kijiti, kondomu inabaki kuwa wajibu wangu kwa ajili ya magonjwa ya zinaa. Miezi miwili baada ya kuwekewa kijiti, mwenzangu alipata matone ya damu kwa wiki tatu mfululizo, akachoka. Tulirudi tukitarajia kugombezwa, lakini alisikilizwa, akaelezwa kwamba hali hiyo hutokea kwa baadhi ya wanawake, na alipoendelea kusema anataka kitolewe, kilitolewa siku hiyohiyo, akahamia vidonge. Naomba na wanaume wenzangu waandike: mlikaribishwa ndani, au mliachwa nje mlangoni?