Paa lenye mimea Lamu: nyumba ya boriti na madrasa ya zege

Mwalimu wa Wiyoni

Assalaam alaykum, jamaa. Ninaomba ushauri kuhusu mapaa mawili yaliyo chini ya dhamana yangu hapa Lamu. La kwanza ni la nyumba ya marehemu bibi yetu kule Mkomani, nyumba ya mawe ya matumbawe yenye boriti za mikoko na sakafu ya chokaa juu. La pili ni la madrasa yetu ya Wiyoni, jengo la chini lenye slabu ya zege yenye urefu wa mita 12 na upana wa mita 8, lililojengwa miaka 14 iliyopita.

Kuanzia Januari hadi Machi vyumba vya madrasa havikaliki baada ya adhuhuri. Watoto huhamia barazani, na siku moja niliweka kiganja kwenye dari saa mbili usiku nikaikuta bado ina moto kama sufuria iliyoepuliwa muda si mrefu. Nimesoma kwamba miji mingi duniani hutandika udongo na mimea juu ya mapaa ili kupunguza joto, na kamati imekubali kutenga fedha kidogo kwa kazi hiyo. Ndugu zangu nao wanataka nyumba ya bibi ifanyiwe vivyo hivyo. Ninachohitaji kujua, kabla hata shilingi moja haijatumika, ni kama mapaa haya yanaweza kubeba mzigo huo, tabaka gani huwekwa na kwa mpangilio upi, na mimea ipi itastahimili chumvi ya hewa yetu pamoja na uhaba wa maji.

Fundi wa Chokaa, Langoni

Wa alaykum salaam, Mwalimu. Nianze na nyumba ya bibi, kwa kuwa hapo sina shaka yoyote: msiipandishie udongo.

Boriti ina kikomo chake, na ndiyo maana vyumba vyetu vya kale ni virefu na vyembamba. Juu ya boriti wazee walipanga vipande vya matumbawe, wakamwaga kifusi na chokaa, kisha wakakiponda kwa siku kadhaa hadi kikashikana. Sakafu ile ni mzigo mzito tayari, na boriti zinaubeba pasipo akiba kubwa. Tena, chokaa inapumua. Inakunywa maji ya mvua kidogo na kuyarudisha hewani jua linapotoka. Ukiifunika kwa udongo wenye unyevu haipati siku ya kukauka, na unyevu huo huteremka mpaka kwenye vichwa vya boriti, pale vilipozama ndani ya ukuta, mahali ambapo jicho halifiki. Kuweka karatasi ya plastiki katikati hakutatui jambo, kwa kuwa unyevu na chumvi vinavyopanda kutoka kwenye kuta hukosa pa kutokea.

Mwaka jana niliitwa kwenye nyumba moja ambayo mitungi ya maua ilikuwa imepangwa katikati ya sakafu ya juu kwa miaka mingi. Kwa kutazama kutoka chini, boriti zilikuwa nzima, nyeusi na ngumu. Nilichukua msumari wa inchi nne nikauchoma karibu kabisa na ukuta, ukazama kwa nguvu ya kidole gumba tu, na nilipouchomoa ulitoka na unga wa kahawia uliolowa. Boriti tano zilibadilishwa katika chumba kile.

Kwa nyumba ya bibi, pakeni chokaa nyeupe mara mbili au tatu kabla ya miezi ya joto, kwa sababu weupe ule hurudisha jua kwa gharama ndogo sana. Kisha simamisheni kibanda cha makuti juu ya kuta, wala si katikati ya sakafu, kama nyumba nyingi za mji zilivyofanya tangu zamani. Mkitaka asumini na rihani, mitungi ikae juu ya kuta nene, ikiinuliwa kidogo ili upepo upite chini yake. Kumbukeni pia kwamba Mji wa Kale umo katika orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia tangu mwaka 2001, kwa hiyo mabadiliko ya nyumba kama ile hayaanzi bila kupitia ofisi ya hifadhi ya Makumbusho ya Taifa.

Mhandisi, Malindi

Mwalimu, ninamuunga mkono Fundi neno kwa neno kuhusu nyumba ya bibi. Kuhusu madrasa, naomba msianze na mimea wala udongo. Anzeni na slabu, tena kwa upande wa chini. Katika pwani yetu majengo mengi yalichanganywa kwa mchanga ambao haukuoshwa chumvi ipasavyo, na chumvi hiyo hula nondo polepole. Tafuteni mistari ya rangi ya kutu kwenye dari, nyufa zinazofuata njia ya nondo, na mahali ambapo plasta imefura. Kisha gongeni dari kwa nyundo ndogo, hatua kwa hatua: zege zima hulia kwa ukali, na zege lililoachana na nondo hutoa sauti ya uwazi kama debe. Mkiisikia sauti hiyo mahali pengi, fedha za kamati ziende kwenye matengenezo, na habari ya bustani iishie hapo.

Slabu ikiwa nzima, kuna hesabu ya uzito, na hapa ndipo watu wengi hujidanganya kwa kupima udongo mkavu. Udongo wa shamba ulioshiba maji hukaribia kilo 1,800 kwa mita moja ya ujazo. Tabaka la sentimita 15 juu ya paa lenu la mita za mraba 96 ni karibu tani 26, mzigo ambao hautashuka usiku wala mchana. Mchanganyiko mwepesi wa sentimita 10, wenye kilo 1,100 kwa mita ya ujazo ukiwa umelowa, ni kilo 110 kwa kila mita ya mraba, yaani tani kumi na nusu kwa paa zima. Paa la kawaida linalopandwa na watu hupigiwa hesabu ya takriban kilo 150 kwa mita ya mraba kwa ajili ya watu na vifaa vyao, na lile lisilopandwa ila kwa ukarabati hupewa nusu ya hapo. Nafasi hiyo ni ya watu. Mkiijaza udongo, siku wanafunzi watakapopanda kutazama mwezi hakutabaki kitu cha kuwabeba. Kwa hiyo mhandisi wa majengo aliyesajiliwa apewe michoro ya awali, na kama michoro haipo, apime unene wa slabu na nafasi za nondo, kisha aandike kwa mkono wake uzito unaoruhusiwa.

Hata jumba la halmashauri ya jiji la Chicago, jengo la mwaka 1911 lililopandwa mimea juu kufikia mwaka 2001, lilitandikwa udongo mwembamba sehemu kubwa, na udongo mzito ukawekwa pale tu ambapo nguzo za chini zingeweza kuubeba. Hilo tunaweza kujifunza kwao. Orodha yao ya mimea haitufai.

Sasa tabaka. Paa liwe na mteremko wa angalau sentimita 2 kwa kila mita kuelekea kwenye milizamu, yaani mifereji ya kutolea maji ya paa, nayo iwe miwili au zaidi, kwa kuwa mmoja ukizibwa na majani paa lote hugeuka bwawa. Juu ya zege huja tabaka la kuzuia maji. Lami pekee haitoshi, kwa sababu mizizi huipenya. Wengi hapa hutumia dam laina, ile plastiki nzito ya mabwawa ya maji, iliyounganishwa kwa moto na si kwa gundi, nayo ipande ukutani sentimita 15 juu ya usawa wa udongo. Juu yake huwekwa kitambaa cha kuikinga, kisha kokoto nyepesi za kupitishia maji, kisha kitambaa cha kuchujia, na mwisho kabisa udongo. Kando ya kuta zote na kuzunguka kila mlizamu acheni ukanda wa kokoto tupu wa sentimita 30, ili mtu aweze kukagua bila kufukua.

Kabla ya udongo kupanda, jazeni maji. Zungushieni kipande kimoja kimoja cha paa kingo za muda, mjaze sentimita 5, mchore mstari wa chaki kwenye usawa wa maji na kuyaacha siku mbili, huku mtu akikaa chini na tochi kutazama dari. Sentimita 5 ni kilo 50 kwa mita ya mraba, kwa hiyo jaribio hili nalo lisifanywe kabla ya kibali cha mhandisi. Ninasisitiza hili kwa uchungu. Katika jengo moja la ofisi hapa Malindi nilikubali kuliruka kwa sababu masika yalikuwa yamekaribia. Fundi wa tangi alikuwa amekanyaga plastiki kwa mguu wa ngazi, akatoboa tundu dogo kuliko punje ya mchele. Tulifukua nusu ya bustani kulitafuta, maana maji yanayovuja hayadondoki chini ya tundu yalikoingilia. Hutembea juu ya zege mpaka yapate ufa.

Jambo la mwisho ni maji ya mvua. Milimita 10 za mvua juu ya paa lenu ni lita 960. Kama madrasa hutegemea jabia, yaani tangi la kuhifadhia maji ya mvua, fahamuni kwamba udongo mkavu utakunywa sehemu kubwa ya mvua ndogo, na yatakayoteremka yatakuwa na rangi ya chai. Kwa hiyo msiweke mimea kwenye paa zima.

Bi Bustani, Shela

Mwalimu, hongera kwa kuuliza kabla ya kujenga. Kwa sentimita 10 za udongo pandeni mshubiri mfupi na ile mimea ya majani manene inayotambaa ufukweni na kutoa maua madogo ya waridi. Hiyo imezaliwa ndani ya chumvi na upepo wa kusi. Pandeni masika yanapoanza, ili mvua iwasaidie kumwagilia mpaka mizizi ishike.

Udongo wenyewe nauchanganya kwa vigae vilivyopondwa, mchanga wa mtoni, na unga wa makumbi ya nazi usiozidi sehemu moja kwa tano, kwa sababu makumbi huoza na udongo ukanywea. Samadi ya punda tunayo tele, lakini tieni kidogo sana; ikizidi, magugu hushinda. Mchanga wa ufukweni una chumvi, nao wa vilima vya Shela nawasihi msiuguse hata ndoo moja, kwani vilima hivyo ndivyo vinavyohifadhi maji ya visima tunayokunywa mji mzima.

Kila mwezi mtu apande juu ya paa kung'oa miche ya mwarobaini. Kunguru huleta mbegu, na mche wa kidole kimoja leo una mzizi unaotafuta ufa.

Mwalimu wa Wiyoni

Nawashukuru nyote. Jana baada ya alasiri tuligonga dari ya madrasa, wazee wawili wa kamati wakiwa wameshika ngazi. Sauti ilikuwa kali kila mahali isipokuwa pembe ya kaskazini, juu ya choo, ambako plasta ilianguka kipande cha ukubwa wa sahani na nondo ikaonekana imevimba kwa kutu. Pembe hiyo itatengenezwa kwanza. Mhandisi aliyesajiliwa tutamleta kutoka bara kupitia Mokowe, naye akiruhusu, mimea itawekwa upande wa madarasa pekee, na upande mwingine utapakwa chokaa nyeupe na kuendelea kulisha jabia.

Fundi, kuhusu nyumba ya bibi, ndugu zangu wameafiki chokaa na makuti. Nimepita leo na msumari wa inchi nne. Katika chumba cha ndani umeingia nusu kwenye boriti mbili zilizo chini ya birika la kuhifadhia maji. Tafadhali nijulishe siku utakayoweza kuja kuzitazama.