Windows 10 kwenda 11: nipandishe juu kwa juu au ipigwe upya?

Mama Steshenari
Wakuu, habari za jioni. Nina kasteshenari kangu hapa Sinza: fotokopi, kuchapa barua, mitihani ya tuisheni, kuwajazia vijana maombi ya mkopo wa chuo. Laptopu ya kazi ni mtumba wa Dubai, i5-8250U, RAM GB 8, niliichukua Kariakoo ikiwa na Windows 10. Tangu Microsoft wasitishe huduma ya Windows 10, tarehe 14 Oktoba 2025, kila siku inanikumbusha kwamba muda wake umeisha. Na imekuwa nzito jamani! Asubuhi nawasha, nafagia duka, napanga karatasi, nakunywa chai, ndiyo inafunguka.

Fundi wa jirani anasema ipigwe upya, elfu kumi na tano, itakuwa kama imetoka boksini. Mdogo wangu yuko chuo, anasema nisithubutu, niende kwenye apdeti nibonyeze ipande yenyewe, vitu vyote vitabaki. Hofu yangu ni mafaili ya wateja tangu 2022, yote yamerundikana kwenye deskitopu. Halafu kuna programu ya hesabu za duka. Aliyeniwekea hapatikani tena na namba ya leseni sina. Nifuate lipi?

Kiroboto
Weka Linux, achana na presha za Microsoft.

Mama Steshenari
Kiroboto, wateja wananiletea Word, wewe unaniletea Linux.

Fundi Chumbani
Dada yangu, fundi wako anafikiria wepesi, mdogo wako anafikiria mafaili. Ukipandisha juu kwa juu, mafaili, programu na setingi vinabaki, na takataka zake zinabaki. Ukipiga upya, C, yaani diski yenye Windows na deskitopu yako, inafutwa yote. Word utaiweka tena, lakini hiyo programu ya hesabu isiyo na leseni ndiyo basi. Wala usidhani kukopi folda yake kwenye flashi kunatosha, nyingi hujiandikisha ndani ya Windows yenyewe.

Ila tujue ugonjwa kwanza. Mashine ikiganda, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Diski inasoma asilimia ngapi? Na ni HDD au SSD (diski ya chipu, haina kinachozunguka)?

Mama Steshenari
Inasoma 100, imeandikwa HDD. Nikitega sikio nasikia inakwaruza kama panya kwenye boksi.

Fundi Chumbani
Nilijua tu. Hapo hata upige Windows mara saba, wiki ya pili unarudi kwenye fagio lako. HDD ni sahani inazunguka, kichwa cha kusomea kinahangaika huku na huku kutafuta mafaili, na 11 itakihangaisha zaidi. Umejaza GB ngapi?

Mama Steshenari
140 kati ya 500.

Fundi Chumbani
Safi. Nunua SSD ya GB 256, ile ya inchi 2.5, inakaa palepale ilipo HDD. Fundi akloni diski nzima, yaani kila kitu kihamie kilivyo, na programu ya hesabu ikiwemo. Ikishawaka na SSD, fanya anavyosema mdogo wako. Ile HDD itoe, iandike tarehe, ifungie droo ya nyumbani, usiiguse. Mambo yakiharibika unairudisha na wateja hawatajua.

Prosesa haina shida. Hiyo 8 ya kwanza kwenye 8250U ni kizazi cha nane, 11 inaikubali. Ukiambiwa TPM 2.0 haipo, yaani chipu ya usalama ambayo 11 inaidai, mara nyingi imezimwa tu kwenye BIOS, ile menyu ya mashine kabla Windows haijawaka. Na kama waliokuuzia walipiga Windows kwa MBR, mtindo wa zamani wa kupanga diski, wakati 11 inataka mpya wa GPT, Microsoft wana kitu kinaitwa mbr2gpt, kinageuza bila kufuta. Mafundi wengi wa mtaani hawakijui, wanakimbilia kufuta.

Nimeungua Tayari
Mimi nilipigiwa 11 upya. Fundi alipofika pa kuingia akaunti ya Microsoft akaweka barua pepe yake, eti kuokoa muda. Mimi natazama simu. Miezi minne baadaye laptopu ikaomba namba ya BitLocker, lile kufuli la diski la Windows, tarakimu 48. Ziko wapi? Kwenye akaunti ya fundi, na fundi kahama fremu. Picha za harusi ya dada zimekwenda hivihivi. Weka akaunti yako, kwa mkono wako.

Bando Kidogo
Upakuaji wa 11 unapita GB 5, usitumie bando la siku. Chaji betri ijae, umeme ukikatika katikati utalia.

Mama Steshenari
Nimerudi wakuu. Jumapili tumekloni, jana usiku ikapanda 11 yenyewe. Leo nimewasha, nimegeuka kuchukua fagio, nikageuka tena imeshafunguka. Programu ya hesabu imefunguka na mauzo yake yote. Printa tu ndiyo iligoma, nikapakua draiva upya. Na kweli fundi alitaka kuweka barua pepe yake! Nikamwambia sogea, nikaandika mwenyewe.

Swali dogo: kwenye C kuna folda imejitokeza, Windows.old, imekula nafasi si haba. Nifute?

Fundi Chumbani
Iache kwanza. Humo ndimo ilimo Windows 10 yako, na una siku 10 za kurudi nyuma ukiona 11 inakusumbua. Zikipita, itajifuta yenyewe. Hizi siku chapa, skani, toa fotokopi, fungua kila programu unayotumia.