Tupeane uzoefu: chakula hakipandi, unajilishaje?

Mwanzisha uzi
Wakuu, habari za jioni. Joto hili la Dar linakata hamu ya kula hata kwa mzima, sembuse aliyetoka kwenye malaria, aliye kwenye dozi ya TB, mama mwenye mimba changa, au mzee aliyebaki peke yake. Tuweke hapa mbinu zinazofanya kazi. Naomba hatua na vipimo, na panapoharibika mseme kwa nini. Simulizi za nani aliugua nini tuziache.

Naanza na la msingi: njaa isipokuja, usiisubiri. Kula kwa saa. Saa 1 asubuhi, saa 3 na nusu, saa 6, saa 9, saa 12 jioni, na kitu kidogo kabla ya kulala. Kila mlo ujazo wa kikombe kimoja cha chai, basi. Mlo wenye nguvu zaidi uwe wa asubuhi, kabla jua halijakolea, maana wengi hamu yao huwa afadhali muda huo. Maji yanywewe katikati ya milo. Bilauri mbili kabla ya kula zinajaza tumbo na chakula kinakosa nafasi. Chai ya rangi pia iwe mbali na chakula, kwani inazuia mwili kufyonza madini ya chuma.

Mpishi wa Mbagala
Niseme la uji, kwa sababu ndio tunaoukimbilia na ndio tunaoukosea zaidi.

Uji mwepesi unaonyweka unakuwa na nusu kikombe cha unga kwa lita ya maji. Mgonjwa akimaliza kikombe kizima, alichopata ni maji ya moto yenye ladha. Ukiongeza unga, uji unakuwa kama ugali na haushuki. Dawa yake ni kimea cha ulezi.

Kimea kinatengenezwa hivi. Chambua ulezi nusu kilo, osha, loweka usiku kucha. Mwaga maji, tandaza kwenye kitambaa safi chenye unyevu, funika, nyunyizia maji asubuhi na jioni. Siku ya pili au ya tatu vimizizi vyeupe vinatoka. Anika juani mpaka ukauke kabisa, pukuchua vimizizi, saga. Ukinusa harufu ya ukungu, tupa wote. Tumia ulezi, usitumie mtama: machipukizi ya mtama yana sumu ya sayanaidi.

Sasa pika uji mzito, kikombe kimoja na nusu cha unga kwa lita moja. Epua, acha upoe mpaka uweze kuulamba bila kuungua. Weka vijiko viwili vya chakula vya kimea, koroga taratibu. Ndani ya dakika kama 10 utaona mwiko uliokuwa unasimama unaanza kuinama, uji unalegea na kutiririka, na utamu unakuja wenyewe kwa sababu kimea kinageuza wanga kuwa sukari. Rudisha jikoni uchemke dakika 5 kuua vijidudu vya kwenye kimea. Kikombe ni kilekile, ila unga ndani yake ni mara tatu.

Wanaosema kimea hakifanyi kazi mara nyingi wamekimwaga kwenye uji unaochemka. Moto ule unaua nguvu yake kabla haijaanza.

Binti Tabata
Asante sana mpishi. Je, yai linaingia humo? Kila nikiona likiwekwa linakuwa mabonge na mgonjwa anatapika.

Mpishi wa Mbagala
Linaingia, dada. Lipige na nusu kikombe cha maziwa ya baridi, chota upawa mmoja wa uji wa moto umimine humo huku unakoroga, ndipo urudishe vyote sufuriani kwa dakika 3. Yai likikutana na moto wa ghafla ndio linashikana.

Kwa kila kikombe ongeza pia kijiko cha chakula cha siagi ya karanga au mafuta. Kijiko cha mafuta kina kalori kama 120, na hakiongezi ujazo wowote wa kumtisha mlaji. Karanga chagua moja moja. Zilizosinyaa, zenye rangi ya ajabu au chungu zinaweza kuwa na sumukuvu, yaani sumu ya ukungu, na kukaanga hakuiondoi. Mwaka 2016 sumukuvu iliua watu Dodoma na Manyara, kwa hiyo tusilichukulie hili juu juu.

Mdau wa Buguruni
Mbona hamjataja supu? Supu ya mifupa inarudisha nguvu haraka.

Mpishi wa Mbagala
Mkuu, supu nyepesi inafungua hamu na inarudisha maji na chumvi, hilo nakubali. Lakini peke yake haimshibishi mtu. Igeuze mtori: nyama ya mfupa nusu kilo ichemke mpaka ilegee, ndizi mbichi 5 zilizomenywa, kitunguu, karoti moja. Toa mifupa, ponda vyote, chuja kama koo linauma, kisha weka kijiko cha siagi na ndimu mwishoni. Ndimu ukiiweka mapema inachachua na kuacha uchungu.

Nesi wa wodi
Kabla ya kubadilisha chakula, angalia mdomo. Mwambie mtu afungue, mulika kwa tochi ya simu. Utando mweupe kwenye ulimi na mashavuni, ambao ukiufuta unaacha wekundu, mara nyingi ni fangasi, na una dawa yake. Vidonda, jino bovu, meno ya bandia yaliyolegea, vyote hivyo huonekana kama "hataki kula". Sukutua kabla ya mlo: kijiko cha chai cha chumvi na kimoja cha magadi ya kuokea (baking soda) kwenye lita moja ya maji yaliyochemshwa na kupoa. Usimeze.

Wanaopata tibakemikali, kama wale wanaohudhuria hospitali ya saratani ya Ocean Road, wengi husikia ladha ya chuma. Tumia kijiko cha plastiki au cha mbao. Chakula kiwe cha uvuguvugu au baridi, kwa sababu mvuke ndio unaobeba harufu: mtindi, parachichi lililopondwa, viazi vitamu vilivyopoa. Anayekaangiwa samaki chumba cha pili ameshashiba harufu kabla sahani haijafika, kwa hiyo pika nje au mapema. Na siku ya dawa usimpe chakula anachokipenda kuliko vyote. Akitapika, mwili unaweza kukihesabu kuwa ndicho kilichomdhuru na akakikataa kwa muda mrefu.

Tafadhalini, hili ni zito: mtu aliyekaa siku 5 au zaidi bila kula chochote cha maana asipakuliwe sahani kubwa ghafla. Madini kwenye damu yanaweza kushuka kwa kasi na moyo ukayumba. Apelekwe hospitali, aanzishwe kidogo kidogo huku akipimwa.

Mfamasia
Nagusia dawa. Metronidazole, dawa ya kuua bakteria na vimelea, inaleta ladha ya chuma, huisha dozi ikiisha. Metformin ya kisukari imezwe pamoja na chakula. Dawa ya mseto ya malaria inafyonzwa vizuri ikienda na mafuta kidogo, hata kikombe cha maziwa kinatosha. Dawa za TB zikileta kichefuchefu, usikatishe, uliza kituoni kuhusu kuzimeza na chakula kidogo. Macho yakiwa ya njano, rudi siku hiyohiyo.

Vile "vidonge vya kunenepa" vya kupimiwa kwenye karatasi, naomba muviache. Vingi huwa na dexamethasone, dawa ya jamii ya steroidi. Uso unavimba, watu wanasifia kuwa umenawiri, kumbe sukari inapanda na kinga inashuka. Aliyetumia kwa wiki kadhaa asiache ghafla, amwone daktari. Cyproheptadine, dawa ya mzio ambayo watu huitumia kuongeza hamu ya kula, nayo inalewesha usingizi na haifai kwa mwenye presha ya macho au tezi dume.

Mlezi wa wazee, Kigamboni
Sahani ndogo, chakula kidogo, na mtu wa kukaa naye. Msimsimange. "Kula basi, unatutesa" inafunga koo. Sema "tuonje vijiko vitatu", vikishuka, simama hapo bila kubembeleza zaidi, rudi baada ya saa mbili. Hii inafaa pia kwa mwenye sonona, ambaye kazi ya kupika peke yake inamshinda: mwekee korosho, ndizi mbivu na maandazi mkono unapofika. Angalia na choo, kwani aliyefunga choo siku 3 mara nyingi hasikii njaa.

Binti Tabata
Na uji wa asubuhi, unaweza kuwekwa mpaka saa 9?

Nesi wa wodi
Kwenye sufuria hapana. Kwa joto letu, ukipita saa moja mezani usimpe mgonjwa. Weka kwenye chupa ya chai iliyosuuzwa kwa maji ya moto, ukiwa bado unatoa mvuke, na umalizike ndani ya saa 4. Yai na maziwa viongezwe kwa kile kikombe anachokunywa tu, kikirudishwa jikoni kama alivyosema mpishi. Na mpime kila Jumamosi asubuhi, mizani ileile: mwenye kilo 60 akipoteza 3 ndani ya miezi sita bila kukusudia, atafutiwe sababu hospitali, ikiwemo TB, VVU, kisukari na figo.