Kutembea kandokando ya reli ya zamani, Zuzu hadi Bahi: tuanzeje?

Mchagua_Njia
Wakuu, mbukwenyi, nawasalimu Kigogo. Tupo wanne, Jumamosi tunataka kutembea kandokando ya reli ya zamani (ile ya upana wa mita moja, si SGR, reli mpya ya umeme), mkoani Dodoma, upande wa Zuzu, Kigwe hadi Bahi. Hatutafuti mazoezi ya kukimbizana, tunatafuta utulivu tu: mibuyu, upepo, stesheni zilizolala. Je, mtu anaruhusiwa kupita juu ya reli yenyewe? Maji kiasi gani? Na cha kuangalia ni nini hasa, maana asiyejua ataona kokoto tu.

Taruma_la_Chuma
Mkuu, nianze na reli yenyewe kwa sababu ndiyo inayoharibu matembezi ya wengi. Juu yake hapatembewi. Kisheria ni kosa, na hata sheria isingekuwepo, miguu ingekataa. Mataruma, yale yanayolala chini ya reli kuibeba, yamepangwa kwa nafasi ya kama sentimita 70, kwa hiyo unakata hatua kwa kipimo cha fundi, si chako, macho chini muda wote. Ukihamia kwenye kokoto, kifundo kinazunguka. Unamaliza kilomita tano hujaona mbuyu hata mmoja.

Piteni njia ya mguu ya wenyeji. Chini ya tuta mara nyingi kuna kijinjia cha wachungaji na wanafunzi. Hifadhi ya reli vijijini ni mita 30 kila upande kutoka katikati, mjini 15. Mkikaa nje kidogo ya hapo, reli mnaiona na treni ikija hakuna wa kukurupuka. Darajani msivuke juu: shukeni korongoni, vukeni mchanga, pandeni ng'ambo. Ila kabla ya kusogelea kalavati simameni msikilize kwanza. Makalavati ya zamani nyuki wanayapenda kuliko mizinga, na mtu akishaanza kupiga kelele mle ndani ameshachelewa.

Sasa mwelekeo. Anzeni Zuzu kwenda magharibi, msigeuze. Dodoma mjini ni kama mita 1,120 juu ya usawa wa bahari, Bahi kama 830, na kwa kuwa reli haipendi kushuka ghafla, mteremko huo magoti hayaujui. Jua la asubuhi linakuwa mgongoni. Upepo wa kiangazi nao hutoka mashariki, kwa hiyo uko mgongoni vilevile, na hapo ndipo penye faida kubwa: treni inayotokea nyuma, upepo unawaletea mlio wake mapema. Inayotokea mbele mlio wake unarudishwa, lakini hiyo mnaiona kwa macho. Mkitembea kinyume, ile msiyoiona ndiyo msiyoisikia.

Ratiba ya abiria isiwadanganye. Treni za mizigo haziifuati, na kiberenge, kigari kidogo cha mafundi wa reli, hupita bila kishindo. Kwa mwendo wenu wa utulivu hesabuni kilomita 3 au 4 kwa saa pamoja na kusimama. Ishieni Kigwe, Bahi iwekeni siku nyingine. Nguzo za kilomita zinahesabu kutoka Dar es Salaam, hivyo namba zinapaswa kuongezeka. Zikipungua, mmegeuka.

Mama_Uwele
Hapo kwa mwelekeo umesema kweli tupu, ndugu. Mimi niongezee msimu, kwa sababu watu wa mjini huja Oktoba saa nne asubuhi halafu wanasema Dodoma haina uzuri.

Juni na Julai ndiyo miezi ya kutembea. Alfajiri ni baridi ya sweta, kufika saa nne mmeshalifunga kiunoni. Mvua huwa kati ya Desemba na Aprili. Wakati huo kila kitu ni kijani, lakini korongo lililokuwa mchanga mkavu linaweza kuja juu ndani ya nusu saa kwa mvua iliyonyesha mbali msikokuona. Kukiwa na wingu jeusi upande wa vilima, msishuke korongoni.

Oktoba hadi Desemba joto ni kali, ila ndipo mbuyu unapotoa maua. Ua hufunguka jioni, popo hulichavusha usiku, na kesho yake limeshachoka. Anayepita saa moja asubuhi huyakuta chini ya mti: petali nyeupe zimejikunja na kuingia ukahawia pembezoni, katikati kuna fungu la nyuzi kama brashi ya kunyolea. Msiliweke puani kwa pupa, harufu yake si ya waridi.

Maji: lita 3 kila mtu, Oktoba lita 4, na nusu yake yawe bado yapo mkifika katikati. Msitegemee visima vya njiani, mengi ya maji yake ni ya chumvi. Ondokeni saa 12 na nusu asubuhi, saa tano muwe mmekaa kivulini. Viatu vyenye soli nene, kwa sababu mbigili haziulizi. Ndala acheni nyumbani. Uzio wa minyaa msiuvunje njia, utomvu wake ukiingia jichoni mtarudi mkiongozwa mkono.

Na jambo dogo ambalo si dogo: mkikuta mzee njiani, "mbukwa" kwanza, maswali baadaye.

Chuma_Chakavu
La "kuangalia nini" naona limeachwa. Ubavuni mwa reli, pale kwenye shingo, sehemu nyembamba ya katikati, kuna maandishi yaliyochomoza: kiwanda, mwaka, wakati mwingine uzito. Yanasomeka vizuri jua likiwa chini, kivuli kikikaa kwenye herufi. Msiinamie njia inayotumika. Tafuteni vipande vilivyosimikwa kuwa nguzo za uzio stesheni, vina maandishi yaleyale. Reli ilifika Dodoma mwaka 1910, Tabora 1912 na Kigoma 1914, lakini vyuma vimebadilishwa mara nyingi. Mwaka mtakaousoma ni wa chuma, si wa njia.

Someni kwa macho tu. Msiokote hata boliti moja iliyolegea. Watu wanne wenye mabegi karibu na reli, begi likitoa mlio wa chuma, mtalala mkijieleza. Picha za stesheni na madaraja mwombeni stesheni masta kwanza.

Mchagua_Njia
Asanteni sana wakuu, hasa hilo la upepo. Swali la mwisho: kuna njia iliyokufa kabisa, isiyo na treni ya kuogopa?

Taruma_la_Chuma
Ipo ya Msagali kwenda Kongwa, ya enzi za ule mradi wa karanga wa Waingereza ulioanza 1947 na kufa 1951. Reli zake ziling'olewa. Nyingine ni ya Manyoni kwenda Singida hadi Kinyangiri, ya miaka ya 1930, iling'olewa miaka ya 1940. Hiyo msiichanganye na tawi la Singida lililojengwa baadaye, ambalo ni njia nyingine.

Njia iliyokufa inatambulika hivi: tuta la chini linalonyooka kupita kiasi, maana njia ya ng'ombe hainyooki namna hiyo. Kona zake ni pana na za taratibu. Kokoto zina makali na rangi isiyo ya mawe ya jirani. Na kalavati limekaa peke yake shambani, juu yake hakuna barabara. Ukivikuta viwili kati ya hivyo mahali pamoja, simama uangalie mbele na nyuma. Mara nyingi mstari unajitokeza wenyewe kwenye miti, kwa sababu migunga iliyoota juu ya tuta ni midogo kuliko ya pembeni. Hapo kwa kuwa ni mashamba ya watu, piteni ofisi ya mtendaji wa kijiji kwanza.

Mahali SGR inapokaribia, ile ina uzio na nyaya za volti 25,000. Vukeni kwenye vivuko vyake tu.

Mama_Uwele
Bodaboda wa kuwarudisha wapangeni siku moja kabla, mtandao wa simu huko unakuja na kuondoka. Na mkimwelekeza, semeni "stesheni", msiseme "kituo", atawasubiri kwenye mabasi barabara kuu.