Naomba ushauri: mgongo wa mama, sindano au tundu dogo?

Wakuu, habari za jioni. Tuko Ngamiani, Tanga. Mama ana miaka 61, kiuno kinamsumbua mwaka wa nne sasa. Kukaa kwenye mbuzi akune nazi hawezi tena; nakuna mie, na tui langu halikosi vipande vya kifuu.

Picha ya MRI imeonyesha diski (kile kimto cha kati ya mifupa ya mgongo) kati ya pingili za kiunoni, L4 na L5, imechakaa, imetokeza na kubana neva ya mguu wa kushoto. Dawa za maumivu, diklofenaki, zimeshamchoma tumbo.

Daktari kataja sindano ya steroidi mgongoni, ambayo hutuliza kwa muda tu, au tukaulizie MOI, ile taasisi ya mifupa pale Muhimbili, upasuaji wa tundu dogo. Majirani wanamtisha eti mgongo haushikwi.

Mliopitia, mlianza na lipi? Aliinama baada ya muda gani? Bima ililipa?