Mjadala: Ukumbi wa jamii wenye mlango mmoja, mzigo upite wapi?

Mwanzisha mada
Assalaam alaykum. Kumbi nyingi za jamii Mji Mkongwe zilijengwa kuwa nyumba au maghala, na njia zake za mzigo ni tabu tupu. Tuchukue mfano mmoja. Ukumbi wa chini mita 6 kwa 11, safu ya nguzo katikati, jiko na stoo nyuma, ghorofa moja juu. Mlango ni wa mbele tu, wa mbao mbili. Mchele, mitungi ya gesi, viti na masufuria, vyote hukatiza ukumbini. Nyuma pana uchochoro wa mita 1.1. Baadhi ya wanakamati wanataka ukuta wa nyuma utobolewe mlango wa mzigo. Wengine wanasema jengo la zamani lisiguswe, mzigo upangiwe saa. Mnasemaje?

Fundi chokaa
Mie niko na wanaosema upangiwe saa. Ukuta ule ni wa mawe ya matumbawe na chokaa, unene wake kiasi cha nusu mita, na ndio uliobeba vichwa vya boriti za juu. Anayetoboa bila kujua boriti zimelala upande gani anaita dari ishuke chini. Beit al-Ajaib, lile jumba la kale la Forodhani, iliporomoka sehemu mwezi wa Disemba 2020, na wote tuliona jengo lililosimama zaidi ya karne linavyoweza kushuka kwa dakika. Mzigo uingie alfajiri mpaka saa 3 asubuhi, mlango ufungwe, basi.

Mkaguzi wa majengo
Fundi, saa hazitoshi, kwa sababu siku ya shughuli ndiyo siku ya mzigo. Barafu, maji na mtungi wa akiba huja wageni wakiwa wameshakaa. Halafu hesabuni watu. Kanuni za kimataifa za majengo zinazotungwa Marekani huhesabu mita za mraba 0.65 kwa kila mtu kwenye viti vilivyopangwa karibu karibu. Ukumbi wa mita 66 za mraba unabeba watu kama 100. Kanuni hizohizo zinataka njia mbili za kutokea wakifika 50. Kwa hiyo mlango wa pili unadaiwa hata kama hakuna gunia hata moja litakaloingia. Tunaujadili kama suala la mzigo, kumbe ni suala la watu kutoka salama.

Na mlango wa mbele upimeni unavyotumika, si ulivyochongwa. Kila siku hufunguliwa ubao mmoja, sentimita 60 hivi. Ule wa pili, wenye mfaa (mti wa nakshi wa katikati ya mlango), umekomewa. Tena unafunguka ndani. Hatuwezi kuugeuza, ni mlango wa nakshi. Tunaweza kuamua mbao zote mbili zifunguliwe na zifungwe kwa ndoana ukutani muda wote watu wamo ndani.

Msukuma rukwama
Kabla ya kutoboa, tazameni kizingiti. Kina sentimita 18. Gunia la kilo 50 unalivusha begani, lakini rukwama haivuki, kwa hiyo unapakua barabarani na kuziba njia. Watu huweka ubao wa mita moja, mwinuko mkali mno. Rukwama na mzigo wake zikiwa kilo 300, kwenye mteremko wa 1 kwa 6 (kupanda mita 1 kwa kila mita 6) kuna uzito wa kilo 50 unaokurudisha nyuma. Kwenye 1 kwa 12 ni kilo 25, mtu mmoja anamudu. Ikinyesha mvua, ubao usiopigwa papi za kukwaza mguu ni ajali.

Mtetezi wa wenye ulemavu
Ahsante ndugu yangu, na huo 1 kwa 12 ndio kipimo cha kiti cha magurudumu. Kwa kizingiti cha sentimita 18 unahitaji urefu wa mita 2.16. Mkiutoa moja kwa moja nje, mnaziba mtaa wa mita 2 na nusu. Uwekwe sambamba na ukuta, pembeni ya baraza, na juu pawe na sehemu tambarare ya mita 1.5 kiti kigeukie. Mlango nao uwe wazi sentimita 82 kwa uchache. Huo ubao mmoja wa 60 kiti hakipiti kabisa.

Mkaguzi wa majengo
Jambo moja husahaulika: kona. Mkipanga ujia wa upana wa mita 1 unaopinda kutoka mlango wa nyuma kuelekea ukumbini, machela ya mita 2 kwa sentimita 60 haigeuki hapo. Kwenye kona ya mita 1 kwa mita 1, kitu cha upana huo kinachobebwa kikiwa kimelala hakipiti kikizidi urefu wa mita 1.63. Panueni pande zote mbili ziwe mita 1.2, kitageuka cha mita 2.19. Kateni boksi kwa vipimo vya machela, mlipitishe sakafuni baina ya mistari ya chaki. Ni kazi ya robo saa, na jeneza nalo lina urefu huohuo.

Fundi chokaa
Hoja ya watu 100 nimeikubali. Basi utobolewe, lakini kwa utaratibu, na baada ya kibali cha Mamlaka ya Mji Mkongwe. Kwanza kwangueni lipu mjue vichwa vya boriti viko wapi. Simamisheni mirunda chini ya boriti, juu yake ubao mrefu, chini yake ubao mpana ili isizame. Mlango ukae mbali na pembe ya jengo, mita moja walau. Chimbeni nusu ya unene kutoka upande mmoja, ingizeni mbao ngumu za juu ya mlango zilizotiwa dawa ya mchwa, zikae sentimita 25 ndani ya ukuta kila upande, mjazie chokaa moja kwa mchanga tatu. Subirini ikaze, wiki kadhaa, huku mkiinyunyizia maji. Ndipo mhamie upande wa pili. Mawe ya chini yatolewe mwisho kabisa.

Saruji msitie. Inafungia unyevu ndani ya ukuta, chumvi inabandua lipu na vichwa vya boriti vinaoza. Chuma nacho kwenye hewa yetu ya bahari kinashika kutu, kinavimba, kinapasua mawe.

Mwanakamati anayepinga
Mkishatoboa, mlango wa nyuma utakuwa stoo. Viti vitapangwa hapo, rukwama itaegeshwa uchochoroni, na hao watu 100 watakuta ukuta wa plastiki. Heri mlango mmoja ulio wazi.

Mwenye uzoefu wa zimamoto
Hofu yako ni ya kweli, bwana. Ndiyo maana mlango huo ufunguke nje kwa kusukumwa, usiwe na kufuli wakati wa shughuli, na rukwama ipakue iondoke. Lakini ukifunguka nje, ubao wa mita moja unaziba uchochoro wa mita 1.1. Bawaba zake ziuruhusu ufunguke mpaka ulale bapa kwenye ukuta wa nje.

Gesi isipite huko wala isikae chini ya ngazi. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa. Ikivuja inatambaa sakafuni na kutulia mashimoni. Mitungi ikae nje kwenye tundu la waya, mbali na mlango wa kutokea na mbali na mtaro. Na stoo ya mchele isipelekwe juu: magunia 20 ni tani moja, na boriti zile huwa zimevuka mita 3 hivi bila msaada katikati.

Mkaguzi wa majengo
Limebaki moja. Uchochoro unaishia kwenye lango lenye kufuli, na ufunguo uko kwa jirani. Mlango wa dharura unaoishia kwenye kufuli la mtu haukubaliki. Nendeni kwa sheha na huyo jirani, makubaliano ya haki ya kupita yaandikwe na yatiwe saini kabla jiwe la kwanza halijatolewa.